Besi ya Bei Nafuu: Eafoni Gani ya Waya Inafaa Pesa Yako?

Ingia soko la Nyaramba na soo tatu mfukoni ukitafuta eafoni, hutazikosa. Kuna zile zimening'inizwa kwa kamba mbele ya vibanda vya simu, kuna zile ziko ndani ya sanduku la kioo pamoja na chaja na kava, na kuna zile ambazo jamaa anatembeza mkononi kama njugu. Karibu zote zimeandikwa neno moja kwa herufi kubwa: besi. Besi kali, besi safi, besi zaidi. Sasa, ipi kati ya hizo itakupa besi kweli, na ipi itakupa kelele kama ya mtu anayegonga pipa tupu nyuma ya nyumba?

Makala haya ni yako wewe unayechuma majani chai kwa kilo, unayeendesha boda, unayesoma, au unayekaa dukani siku nzima na huna elfu kumi za kununua eafoni zisizo na waya. Soo tatu si pesa ndogo. Ni chakula cha siku mbili. Ukinunua kitu kibovu mara nne kwa mwaka, umeshatumia pesa ya kununua kimoja kizuri ambacho kingekukalisha miaka miwili.

Kuhusu mimi, tumalizane haraka: niliacha chuo karo ilipogoma, na tangu hapo nakula kwa kuandika na kuhariri video kwa simu. Harusi, kwaya, matangazo ya maduka. Eafoni kwangu ni jembe. Kwa wiki kadhaa nimekuwa nikizilinganisha za bei tofauti, nyingine nimenunua, nyingine nimeazima kwa marafiki wanaorekodi muziki Kisii mjini. Haya ndiyo niliyoyasikia, na sababu zake.

KWA NINI WAYA BADO?

Kuna mtu atakuuliza kwa nini uhangaike na waya mwaka huu. Mjibu hivi. Kwanza, waya haihitaji chaji. Stima ikipotea jioni mvua ikinyesha, na wewe unajua vile mvua ya huku kwetu hunyesha, eafoni yako haijali. Pili, sauti haichelewi. Ukicheza gemu au ukihariri video kwa bluetooth ya bei ya chini, mdomo unasonga kwanza na sauti inakuja baadaye. Tatu, huwezi kupoteza upande mmoja kwenye matatu. Nne, na hili ndilo kubwa, kwa bei ile ile, pesa yako yote kwenye eafoni ya waya inaenda kwa sauti. Kwa isiyo na waya, pesa hiyo inagawanywa: betri, chipu ya bluetooth, kisanduku cha chaji, ndipo sauti ipate makombo.

Apple waliondoa tundu la pini kwenye iPhone 7 mwaka wa 2016 na makampuni mengi yakafuata kwa simu zao za bei ghali. Lakini simu nyingi za bei ya wananchi bado zinakuja na tundu la milimita 3.5. Kama simu yako inalo, una bahati kuliko mwenye simu ya laki.

BESI NI NINI HASA?

Sikio la kijana mwenye afya husikia sauti kuanzia takriban hezi 20 hadi 20,000. Hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde. Besi ni ile sehemu ya chini, kuanzia 20 hadi karibu 250. Waya mnene kabisa wa gita la besi, ukipigwa wazi, hutetemeka mara 41 kwa sekunde. Ngoma ya mguu, ile inayokupiga kifuani kwenye harusi, iko sana sana kati ya 50 na 100. Na sauti ya mwanamume akiongea kawaida inaanzia karibu 85 hadi 180.

Angalia hizo namba tena, kwa sababu hapo ndipo ujanja ulipo. Besi ya kweli, ile unayoihisi kama mtetemo kabla hujaisikia, iko chini ya 60. Kuitoa vizuri ni kazi. Kwa hivyo eafoni nyingi za bei ya chini haziitoi kabisa. Badala yake zinapandisha sehemu ya kati ya 100 na 250, kwa sababu ni rahisi na inakushtua ukiijaribu dukani kwa sekunde kumi. Unasema, "Manze, hii inagonga!" Ukifika nyumbani unagundua sauti ya mwimbaji iko ndani ya pipa, kwa sababu besi hiyo bandia imekaa mahali pale pale sauti ya mtu inapoanzia.

Sisi Abagusii hatufai kudanganywa kuhusu besi. Tuna obokano. Ni kinubi kikubwa cha nyuzi nane, chenye kisanduku kilichowambwa ngozi, na sauti yake ni nzito, inavuma na kunguruma kwa wakati mmoja. Kuna wageni waliowahi kuiita dabo-besi ya Afrika Mashariki, na hawakutia chumvi. Kama umewahi kumkaribia mpigaji wa obokano, unajua besi haigongi tu. Ina umbo. Ina mwanzo, katikati na mwisho. Unasikia uzi ukivutwa, halafu mngurumo, halafu kimya.

NILIVYOJARIBU

Simu moja, nyimbo zile zile, sauti kwa kiwango kile kile kadiri nilivyoweza. Nilitumia vitu vitano. Benga ya Christopher Monyoncho, kwa sababu gita la besi la benga linakimbia na eafoni mbovu hushindwa kulifuata. Rekodi ya obokano, kwa ule mngurumo. Amapiano, kwa sababu besi yake inashuka chini sana na kukaa huko. Kwaya ya kanisa, kusikia kama sauti ya nne, ile ya wazee, inajitenga na ya tatu au zote zimekuwa uji. Na mwisho, mtu akiongea tu, kwa sababu nusu ya muda wako unasikiliza watu wakiongea: simu, podkasti, voisi za WhatsApp.

Nilisikiliza chumbani usiku kukiwa kimya, nikasikiliza mvua ikipiga mabati, nikasikiliza kwenye matatu nikienda Kisii. Usiamini mtu anayekuambia eafoni ni nzuri na ameijaribu kitandani pekee.

ZA SOO MOJA, ZISIZO NA JINA

Hizi ndizo zimening'inia kila mahali. Nilijaribu tatu tofauti. Moja upande wa kushoto ulikuwa chini kuliko wa kulia tangu siku ya kwanza. Nyingine ilikuwa na waya inayosugua shati na kila mkwaruzo unaingia sikioni. Ya tatu, nashangaa, ilikuwa sawa kiasi.

Besi yake ni ile bandia niliyoieleza. Kwenye benga, gita la besi linageuka kuwa mstari mmoja, huwezi kutofautisha noti hii na ile. Kwenye amapiano, ule mdundo wa chini haupo, unasikia tu kivuli chake. Obokano ilisikika kama nyuki kwenye chupa. Kwa kuongea kwa simu, zinatosha. Shida kubwa ni kwamba ni bahati nasibu: pakiti mbili zinazofanana, sauti mbili tofauti. Kama pesa ni hiyo tu, nunua, lakini ijaribu palepale kabla ya kulipa.

ZA KUTUNDIKA, ZISIZOZIBA SIKIO

Hizi ni zile zenye umbo kama EarPods za Apple, zilizotoka mwaka wa 2012 na kunakiliwa na dunia nzima. Hazina mpira wa silikoni, zinakaa tu mlangoni mwa sikio. Sauti za watu ni safi, hazichoshi, na unasikia dunia: honi, mama akikuita, ng'ombe akikata kamba.

Lakini besi ya chini kabisa huvuja. Hilo si kosa la kiwanda, ni fizikia. Eafoni ni kama pampu ya baiskeli. Kile kidude kinachotetemeka ndani, kinachoitwa draiva (si dereva wa matatu), kinasukuma hewa kidogo sana. Hewa hiyo ikifungiwa ndani ya tundu la sikio, inapandisha na kushusha shinikizo, na hiyo ndiyo besi unayoisikia. Kukiwa na mwanya, ni kama pampu iliyotoboka: unasukuma na tairi halijai. Sauti za juu hazijali sana mwanya, lakini besi hufa papo hapo. Kama wewe ni mtu wa podkasti na simu za kazi, umbo hili linakufaa. Kama wewe ni mtu wa mdundo, pita.

ZENYE JINA, ZA BEI YA KATI

Hapa ndipo wengi wetu tutanunua: kuanzia mia tano hivi hadi elfu moja na mia tano, kutegemea duka na siku. Oraimo utazipata karibu kila mji mdogo, kwa sababu ni za familia ya Transsion, kampuni ile ile ya China iliyo nyuma ya Tecno, Infinix na itel, na bidhaa zake zimefuata njia za simu hizo. Faida yake ni kwamba unaweza kupata halisi bila kusafiri. Sauti hutofautiana sana kutoka modeli moja hadi nyingine, kwa hivyo jina pekee halitoshi. Zinazoziba sikio zina besi nene, na hazifanani kabisa na zile za kutundika.

JBL T110 ina draiva ya milimita 9 na imeuzwa kwa jina la "Pure Bass", na kweli imepangwa kwa watu wa mdundo. Kwenye amapiano inashuka vizuri na haipasuki ovyo. Kwenye kwaya, sauti ya nne inasimama mbele sana na soprano inakaa nyuma kidogo. Ukipenda hip hop, arbantone na ngoma za klabu, utafurahi. Ukiwa mwalimu wa kwaya, utalalamika.

Sony MDR-EX15 nayo ina draiva ya milimita 9, lakini tabia yake ni nyingine. Besi ipo ila haijipigii debe, na sauti za watu zinasikika karibu zaidi. Mtu aliyezoea mdundo mzito atasema ni baridi. Mimi kwenye benga niliipenda, kwa sababu gita la besi na yale magita mawili ya juu hayakupigania nafasi.

Hapo tayari unaona kitu: draiva zote mbili ni milimita 9, sauti mbili tofauti. Kwa hivyo muuzaji akikuambia, "Hii ni ya milimita 14, itakuwa na besi zaidi," mwambie asante. Ukubwa wa draiva unasaidia, lakini jinsi ilivyopangwa na jinsi inavyoziba sikio ndiyo mambo makuu.

ZA WACHINA WA SAUTI

Kuna ulimwengu ambao vibanda vingi vya huku havijaufikia. Ni makampuni ya China yanayotengeneza eafoni za kuzungusha waya juu ya sikio kama za wanamuziki jukwaani, kwa bei ya chini ajabu. Unaziagiza mtandaoni na mzigo unashukia Kisii.

KZ EDX Pro ni mojawapo, na kimataifa huuzwa karibu dola 10. Ina draiva moja ya milimita 10, na waya wake unachomoka. Fikiria hilo kidogo. Eafoni nyingi hufa kwa waya kukatika karibu na pini au karibu na sikio. Hapa waya ukikatika, unanunua waya, hununui eafoni. Sauti yake inaitwa ya umbo la V: besi juu, sauti nyembamba za matoazi juu, katikati imeshuka. Amapiano juu yake ni karamu. Obokano ilikuwa na ule mngurumo kamili. Lakini matoazi yanaweza kukuchosha baada ya saa moja, hasa ukisikiliza kwa sauti ya juu.

Moondrop Chu na 7Hz Salnotes Zero zote zilitoka mwaka wa 2022 kwa takriban dola 20 kila moja. Hizi zimepangwa kwa usawa. Besi inashuka hadi chini kabisa, lakini haivimbi. Mara ya kwanza unaweza kusema, "Hii ni maji." Subiri siku mbili. Kwenye kwaya nilihesabu sauti nne bila jasho. Kwenye Monyoncho, nilisikia vidole vya mpiga besi. 7Hz wenyewe walitambua kwamba kuna watu wanaotaka zaidi, wakatoa Zero:2 mwaka wa 2023 ikiwa na besi iliyoongezwa.

Hapa kuna jambo muhimu kwa wasee wanaotengeneza biti au kurekodi injili kwa laptopu chumbani. Ukitumia eafoni yenye besi iliyovimba, utadhani wimbo wako una besi nyingi, na utaipunguza. Halafu wimbo ukipigwa kwenye spika za kanisa unatoka mwembamba kama chai ya mwisho wa mwezi. Kwa kazi, chukua zenye usawa. Kwa starehe, chukua inayokufurahisha.

MPIRA WA SIKIO NI NUSU YA BEI

Kama kuna kitu kimoja utakumbuka hapa, kiwe hiki. Eafoni za kuziba sikio huja na mipira ya silikoni ya saizi tatu: ndogo, ya kati, kubwa. Wengi wetu tunatumia ile iliyokuja ikiwa imevalishwa na nyingine tunazitupa na boksi. Hilo ni kosa la bei ghali.

Fanya hivi. Cheza wimbo wenye besi. Bonyeza eafoni polepole kuelekea ndani ya sikio. Besi ikiongezeka ghafla, mpira wako haujaziba. Jaribu saizi kubwa zaidi. Ukiona sikio linauma baada ya dakika kumi, shuka saizi moja. Masikio ya mtu mmoja si lazima yalingane, kwa hivyo kulia kubwa na kushoto ya kati si ajabu. Nimeona eafoni ya mia tano yenye mpira unaofaa ikiishinda ya elfu moja iliyovaliwa vibaya.

Na usafishe. Nta ya masikio huziba ule wavu mdogo wa mbele, na upande mmoja unaanza kushuka polepole hadi unadhani umeharibika. Toa mpira, uoshe kwa maji na sabuni, uukaushe. Wavu wenyewe usugue kwa brashi kavu ya meno, eafoni ikiangalia chini ili uchafu uanguke nje.

SIRI YA PINI

Umewahi kuchomeka eafoni mpya, muziki unacheza lakini mwimbaji hayupo? Unasikia mwangwi wa vyombo, besi imetoweka, na ukibonyeza kitufe cha maiki ghafla kila kitu kinarudi. Wengi hurudisha eafoni wakidhani ni mbovu. Mara nyingi ni pini.

Pini ya eafoni yenye maiki ina sehemu nne: kushoto, kulia, waya wa kurudisha umeme, na maiki. Kuna mipangilio miwili, CTIA na ule wa zamani wa OMTP, ambayo inabadilishana nafasi za hizo mbili za mwisho. Simu nyingi za sasa zinafuata CTIA. Ukichomeka eafoni ya OMTP, waya wa kurudisha umeme haupati mahali pake, na masikio yako yanabaki kusikia tofauti tu kati ya kushoto na kulia. Mwimbaji na besi kwa kawaida hurekodiwa sawa pande zote mbili, kwa hivyo tofauti yao ni sifuri. Wanapotea.

Kitu hicho hicho hutokea kama pini haijaingia hadi mwisho, labda kwa sababu ya kava nene la simu au vumbi ndani ya tundu. Kwa hivyo kabla ya kugombana na muuzaji, toa kava, safisha tundu kwa kijiti cha mbao simu ikiwa imezimwa, sukuma pini hadi ilie "tik". Ikikataa bado, jaribu kwenye simu nyingine.

Na kama simu yako haina tundu, kumbuka kwamba adapta za USB-C si sawa zote. Nyingine zina chipu ndani ya kugeuza data kuwa sauti, nyingine ni waya mtupu unaotegemea simu ifanye kazi hiyo. Simu isiyofanya hivyo, adapta ya waya mtupu itanyamaza kabisa. Ijaribu kwa simu yako, si kwa simu ya muuzaji.

BESI NA MASIKIO YAKO

Sasa tuongee mambo ambayo hayana spea. Sikio la binadamu husikia besi vibaya sauti ikiwa chini. Watafiti wawili wa maabara ya Bell kule Marekani, Fletcher na Munson, walilionyesha hilo mwaka wa 1933. Kwa lugha ya mtaa: ukipunguza sauti, besi inaondoka kwanza. Ndiyo maana mtu akikosa besi, mkono unaenda kwa kitufe cha kuongeza sauti. Ongeza matatu, ambayo ngurumo ya injini yake ni besi pia na inaifunika ile ya muziki, na unapata kijana anayesikiliza kwa kiwango cha mwisho kutoka Nyaramba hadi Kisii, kila siku.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Lakini kila unapoongeza desibeli 3, nguvu ya sauti inaongezeka mara mbili, na muda unagawanywa mara mbili. Kwa hivyo 83 ni saa 20. 86 ni saa 10. 89 ni saa 5, kwa wiki nzima. Kama unasikiliza saa nne kwa siku kwa kiwango hicho, Jumanne mchana umeshamaliza wiki. Shirika hilo linakadiria kwamba zaidi ya vijana bilioni moja wa kati ya miaka 12 na 35 wako hatarini kupoteza uwezo wa kusikia kwa sababu ya usikilizaji wa namna hii.

Ndani ya sikio kuna seli zenye vinyweleo zinazogeuza mtetemo kuwa ujumbe wa ubongo. Kwa binadamu, zikifa hazioti tena. Dalili ya kwanza ni ule mlio mwembamba kama wa mbu usiku kukiwa kimya, au kuona watu wanaongea kama wamemeza maneno. Ukiona hivyo baada ya kusikiliza, hiyo si uchovu. Punguza, na mlio usipoisha nenda kliniki.

Kwa hivyo eafoni inayoziba vizuri si anasa. Inakupa besi kwa sauti ya chini, na inazuia kelele ya injini ili usishindane nayo. Lakini kuziba kuna upande wa pili: ukiwa unaendesha boda, au unatembea kando ya lami, unachozibiwa ni honi ya lori. Anayeendesha, atoe zote mbili. Anayetembea, abaki na sikio moja wazi.

UKIFIKA KIBANDANI

Nenda na wimbo wako kwenye simu yako, uliopakuliwa kwa ubora mzuri. Wimbo uliobanwa sana umeshapoteza nyama, na hakuna eafoni itakayoirudisha. Kama unatumia programu ya muziki katika hali ya kubana data, ni hivyo hivyo.

"Bosi, hii ni orijino kabisa, sikudanganyi."

"Sawa bosi, hebu tuisikize kwanza kwa simu yangu."

Akikataa, songa kibanda cha pili. Akikubali, sikiliza mambo manne. Mtu akiongea, je, sauti iko katikati ya kichwa au imeegemea upande mmoja? Besi ikipigwa, unaweza kufuata noti zake au ni dum moja tu? Tikisa waya karibu na pini na karibu na sikio: sauti inakatika? Piga simu kwa rafiki: anakusikia?

Boksi likiandikwa hezi 20 hadi 20,000, usishtuke. Karibu yote huandikwa hivyo, na hayasemi sauti hiyo inatoka kwa nguvu gani. Jina maarufu kwa bei ya soo moja ni bandia. Angalia maandishi yaliyokosewa, boksi lisilo na namba ya bidhaa, na waya mwepesi kama uzi wa kushonea. Akikuambia, "Itafunguka ukiitumia mwezi mmoja," jua kwamba kinachozoea zaidi ni sikio lako. Sauti mbaya leo, nunua nyingine leo.

Na ukiwa tayari una eafoni na hupendi besi yake, usitupe bado. Badilisha mpira kwanza. Kisha ingia kwenye mipangilio ya sauti ya simu, pale penye ekwalaiza. Badala ya kupandisha besi hadi juu, jambo linalofanya draiva ndogo ipasuke, shusha kidogo sehemu ya kati na ya juu. Besi itatokea yenyewe, bila kulazimishwa.

Kwa muhtasari: chini ya mia mbili, jaribu kabla ya kulipa na usitarajie miujiza. Karibu elfu moja, chagua yenye jina na inayoziba sikio, JBL ukitaka mdundo, Sony ukitaka usawa, Oraimo ukitaka kuipata karibu. Ukiweza kungoja mzigo, KZ kwa starehe na waya unaobadilishwa, Moondrop au 7Hz kwa kazi na kwaya. Na kwa bei yoyote utakayolipa, ile mipira iliyobaki kwenye boksi usiitupe.